Jangili wa Sinema

Kabla ya ile filamu, hapakuwa na mtu kijijini Kansay mwenye neno baya juu ya Martini Tluway. Alikuwa mkulima wa ngano na maharage, mrefu, mkimya, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto alipopigwa teke na punda akiwa mtoto. Mkewe Marsela alizoea kusema kwamba akitaka kujua kama mumewe amekasirika inabidi amtazame mikono, kwa sababu mdomo wake hausemi kitu. Waliishi na mtoto wao Bibiana pamoja na mama yake Martini, mjane aliyeitwa Germana. Mama huyo Kiswahili alikijua cha salamu na cha kanisani tu. Nyumbani walimwita Ayo, yaani mama, kwa Kiiraqw.

Mwaka 1974, ngano ikiwa imeshavunwa, walifika watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatengeneza picha ya upelelezi. Kachero anatumwa Ngorongoro kuwasaka majangili wanaoua faru na kumpelekea pembe tajiri mmoja wa mjini. Mwalimu Xavery wa shule ya msingi ndiye aliyepewa kazi ya kuwatafutia wenyeji wa kuonekana kwenye picha, naye akaenda moja kwa moja kwa Martini.

"Wanataka mtu wa kuogofya," alisema.

"Ukanikumbuka mimi."

"Ni kovu tu, ndugu yangu. Wameniambia nitafute mtu mwenye kovu."

Martini akacheka, akakubali. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Alitakiwa atoke msituni mbio na bunduki mkononi, ageuke, amwone kachero, apigwe risasi, aanguke. Waliifanya juu kule kwenye ukingo wa kreta, ukungu ukiwa bado haujainuka. Mara ya kwanza alipogeuka alitabasamu. Mara ya pili alitabasamu tena. Mwongozaji wa filamu, mtu mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele, akamvuta pembeni.

"Bwana Martini, sahau bunduki. Sahau kamera. Kuna jambo uliwahi kulifanya ukaogopa watu wasijue?"

Martini aliishusha bunduki.

"Usiniambie. Liwaze tu, halafu ugeuke."

Jambo lenyewe lilikuwepo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alipelekwa kuchunga ng'ombe pamoja na mdogo wake Patrisi, aliyekuwa na miaka mitano. Ilikuwa masika. Martini alijilaza kwenye majani akapitiwa na usingizi. Alipoamka, korongo lilikuwa limejaa maji mekundu na Patrisi hakuonekana. Walimpata kesho yake, mbali sana, bondeni. Martini aliwaambia wazazi wake kwamba alikuwa amemkimbilia ndama aliyepotea. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na yeye hakumwambia mtu ukweli, hata padri.

Alipogeuka mara ya tatu alikuwa na Patrisi kichwani. Bunduki ya kachero ikalia, Martini akaanguka. Mwongozaji akaja akamshika bega, akasema, "Basi. Hiyo hairudiwi."

Miaka miwili ikapita. Siku moja ikaja habari kwamba gari la sinema limefika Karatu na kwamba picha itakayoonyeshwa ni ile ya faru. Walionyesha mchana, ndani ya ghala la kahawa la shamba moja, madirisha yamezibwa kwa magunia. Vibarua wa Singida na Dodoma walikaa mbele, wakulima nyuma yao, watoto kila mahali. Martini alikuja na Marsela, akamleta na mama yake, amkalishe karibu naye, aone jinsi mwanawe alivyokwenda mjini bila kupanda basi.

Picha ilipofika pale msituni, ghala zima lilipiga kelele, "Martini! Martini huyo!" Vijana wakawa wanacheka, wakaambiana kwamba huyu si steringi, kwa hiyo lazima afe. Na kweli, bunduki ikalia. Uso wa Martini ukajaza shuka jeupe la kuonyeshea picha, na lile jicho, kisha akaporomoka kwenye majani.

Germana alisimama. Alilia kwa sauti ambayo Martini alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, siku walipomleta Patrisi kutoka bondeni.

"Ayo, niko hapa," alimwambia, akimvuta mkono. "Ayo, nitazame. Niko hapa."

Mama alimtazama, akatazama shuka, akamtazama tena. Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Marsela peke yake hakucheka. Njia nzima ya kurudi Kansay yule mama alitembea ameshika shati la mwanawe, na kila baada ya hatua chache alipitisha kiganja kifuani pake, kama mtu anayetafuta tundu la risasi.

Tangu siku hiyo jina la Martini likawa Jangili. Klabuni, mashineni, mpaka kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa, watu walimwita hivyo. Halikuwa na ubaya. Yeye mwenyewe aliliitikia.

Muda si mrefu gazeti la Dar es Salaam likaandika juu ya ile filamu. Mwandishi wa safu ya sinema hakuipenda. Alisema kachero anatembea kama mgeni wa harusi, na kwamba mtu yeyote mwenye akili zake angemjua mkosaji kabla hajamaliza kukaa kitini. Sehemu moja tu ndiyo aliyoisifu. Mwalimu Xavery aliisoma kwa sauti barazani pa duka: "Yule mtu mwenye kovu, ambaye jina lake halikuandikwa popote, hakuigiza. Lile ni jicho la mtu anayelijua kosa lake."

Watu walipiga makofi. Xavery akakikata kile kipande, chenye picha ya Martini na bunduki yake, akakibandika kwenye ukuta wa duka. Chini ya picha palikuwa na neno moja: JANGILI. Martini aliondoka kabla makofi hayajaisha. Alitembea mpaka shambani, akakaa huko mpaka Bibiana alipotumwa kumwita aje kula. Alikuwa akijiuliza mtu aliye Dar es Salaam, ambaye hajawahi kumwona, amejuaje.

Mwaka 1978, mwezi wa pili, faru wawili walikutwa wameuawa kule kreta, pembe zimekatwa. Wakaletwa askari wageni, watu wasiomjua mtu yeyote huku, nao wakawa wanazunguka vijiji wakiuliza. Kwenye klabu ya pombe wakamkuta mzee mmoja amekwisha kulewa.

"Mnatafuta jangili?" alisema akicheka. "Jangili tunaye hapa hapa. Hata gazeti limemwandika."

Walikwenda dukani wakakibandua kile kipande cha gazeti. Saa nne asubuhi walimkuta Martini akipalilia maharage. Walimfunga pingu mbele ya mama yake, wakampakia kwenye gari, wakampeleka kwenye kituo cha mbali ambacho nyumbani hawakukijua.

Huko aliwekwa mahabusu. Aliyemhoji alikuwa sajenti wa makamo, mtu mtaratibu, asiyempiga mtu. Aliweka kile kipande cha gazeti juu ya meza.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Na hii mkononi?"

"Bunduki. Lakini ni ya watu wa sinema. Nilikuwa naigiza."

"Gazeti linasema hukuigiza. Soma mwenyewe hapa."

Martini alisoma. Alijaribu kueleza juu ya mwongozaji, ukungu, kachero asiyekuwa kachero. Sajenti alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza barua ya kazi iko wapi, mkataba uko wapi, hao watu wa filamu wanapatikana wapi. Martini hakuwa na kitu. Siku ya tisa sajenti alimuuliza swali jingine.

"Nimewaona wezi wengi, Martini. Jicho hili nalijua. Ulikuwa unawaza nini?"

Hapo Martini, aliyekuwa amekaa kimya miaka thelathini, akasema. Alimweleza yule askari habari za majani, usingizi, maji mekundu, na ndama ambaye hakuwepo. Alimweleza yote, machozi yakimtiririka mpaka kwenye pingu. Sajenti aliweka kalamu chini.

"Hilo siwezi kuliandika," alisema mwishowe. "Haliko kwenye shauri langu." Akaagiza arudishwe ndani, na jioni akamletea chai. Lakini kumwachia, hakumwachia.

Kansay, Marsela alikuwa amekwenda kwa mwalimu Xavery siku ya pili tu.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemtafuta. Wewe ndiye shahidi. Nenda ukawaambie."

"Nitakwenda, shemeji. Ngoja kwanza hali itulie. Sasa hivi wanamkamata kila mtu anayefungua mdomo."

Hakuwa mwongo. Watu walikuwa wanakamatwa. Tena alikuwa amekwisha kuahidiwa ualimu mkuu, na mke wake alikuwa mjamzito. Marsela alirudi wiki iliyofuata, akarudi tena. Mara ya tatu Xavery alimsikia akipiga hodi, akakaa kimya ndani mpaka hatua zake zilipopotea.

Jambo gumu zaidi lilikuwa Germana. Kila siku walimwambia kwamba Martini yuko mahabusu, mzima, atarudi. Mama aliitikia kwa kichwa, kama watu wazima wanavyoitikia uongo wa watoto.

"Msinifiche," alimwambia Marsela. "Nilimwona alipoanguka."

"Ile ilikuwa sinema, Ayo. Alikuwa amekaa na wewe. Ulimshika."

"Basi yuko wapi nimshike?"

Mama alianza kwa kuacha nyama, akaacha ugali, mwisho akawa anakunywa maziwa kidogo ili tu kumridhisha Bibiana. Alitaka maiti ya mwanawe iletwe. Alisema Patrisi alipotelea bondeni lakini waliletewa, kwa nini huyu wanyimwe? Wiki ya sita alifariki, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkwewe.

Kwenye maziko Xavery alibeba jeneza pamoja na wanaume wengine. Walipolishusha kaburini, Marsela alimtazama usoni. Mchana huo huo, akiwa bado na udongo kwenye viatu, Xavery alidandia lori lililokuwa likipeleka mahindi mjini. Alizunguka vituo vitatu mpaka akampata yule sajenti. Kumbe barua ya watu wa filamu ya kumwomba awatafutie watu, yenye mhuri na tarehe, alikuwa ameitunza muda wote kwenye daftari lake.

Martini aliachiwa baada ya siku nne. Alishuka Karatu, akatembea kwa miguu mpaka Kansay. Alipokaribia nyumbani aliona kando ya migomba udongo mpya umeinuliwa, na msalaba wa mti ambao haujakauka. Aliusoma. Hakuingia ndani. Marsela alimkuta ameketi pale chini, viganja vyake vikiwa juu ya udongo.

Mkewe alimwambia kila kitu: jinsi mama alivyokataa kula na maneno yake yote. Kisha Martini naye, kwa mara ya pili katika maisha yake, akasema habari za Patrisi.

"Nimemwambia askari," alisema. "Askari! Na Ayo nilikaa naye nyumba moja miaka yote hii."

Marsela alikaa karibu naye.

"Alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Aliniambia mwaka ule nilipoolewa. Siku ile ulipokuja mbio kuwaita, shavu lako lilikuwa na alama za majani. Alijua ulikuwa umelala. Alisema, mtoto naye alikuwa amechoka. Akaniambia nisije nikakuuliza, utasema mwenyewe siku utakayotaka."

Martini alilia mpaka Bibiana akaja mbio kutoka jikoni na kusimama mbali, asijue la kufanya.

Mwalimu Xavery alikuja baada ya siku tatu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba msamaha, Martini."

"Ulikwenda kituoni lini?"

"Siku ya maziko."

"Ungekwenda siku moja kabla."

Marsela alimtolea kiti, mwalimu akakaa kidogo, akaaga. Hawakuwahi kugombana. Waliamkiana njiani, walisaidiana kwenye misiba, na mtoto wa Xavery alipoumwa ni punda wa Martini aliyembeba kwenda zahanati. Lakini Martini hakukaa tena barazani ambako Xavery alisoma magazeti, wala Xavery hakumwita aje.

Mwaka uliofuata redio ilitangaza kwamba waliowaua wale faru wamekamatwa. Walikuwa watu wa mbali, na gari lao. Hakuna aliyefika Kansay kumwambia Martini pole. Jina la Jangili watu waliliacha wenyewe, mmoja mmoja, bila kuambizana. Wageni waliokuja baadaye hawakulijua kabisa.

Mwaka 1981 yeye na Marsela walihamia Endabash, kwa ndugu zake Marsela, wakapata shamba la mteremko lenye mawe mengi. Msimu mzima wa kwanza walikuwa wanaokota mawe tu, wanayapanga ukingoni, Martini akitangulia, Marsela na Bibiana nyuma na karai. Mvua zilipoanza walipanda mahindi na mbaazi. Jirani mmoja alisimama njiani akawapigia hodi, akauliza hawa ni akina nani.

Martini aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Naitwa Tluway," alisema. "Mtoto wa Germana."