Mbaluka, Jenereta na Jiwe la Vimla

Kabla umeme haujafika nyumbani kwa Mohanlal, taa ilikuwa kitu cha kuletwa na mtu. Siku hizi mtu anapapasa ukutani bila hata kuinua kichwa, mwanga unamwagika chumba kizima, na hakuna anayejua umetoka wapi wala amshukuru nani. Katika nyumba ile ya Thika, nyuma ya duka la vyuma, mwanga ulikuwa na miguu, na miguu hiyo ilikuwa ya Mbaluka.

Alikuwa Mkamba wa Ngoliba, mrefu, mkimya, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama ya mtu aliyezoea milango mifupi. Ujana wake aliumaliza katika kituo cha reli cha Thika, akipangusa vioo vya taa za ishara na kukata tambi zake. Mafuta ya taa yalimwingia mwilini yasitoke tena. Mkewe, Mwongeli, alikuwa akimwambia kila akienda nyumbani kwamba hata ugali aliougusa ulinuka stesheni. Siku moja alitumwa dukani kwa Mohanlal kununua tambi, akazikataa alizopewa kwa kuwa zilikuwa zimepata unyevu. Mohanlal hakukasirika. Alimuuliza kama angependa kufanya kazi kwake, na Mbaluka akahamia chumba cha uani na sanduku lake la mbao.

Jioni, jua likishatua kabisa, alikaa nyuma ya jiko akiipiga pampu karabai mpaka ikaanza kuvuma. Kisha aliishika kwa mikono miwili, usawa wa kifua, akaingia nayo sebuleni miguu mitupu. Hapo kila kitu kilisimama. Mohanlal aliweka gazeti chini, akaunganisha viganja na kusema, "Jai Shri Krishna," na wote waliokuwamo wakasalimiana hivyo hivyo, kana kwamba kila mmoja alikuwa ametoka safari ya mbali. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao kila taa ya jioni ilipoingia. Waliogombana mchana iliwabidi wasalimiane. Wa mwisho alikuwa Vimla, mke wa Mohanlal. Yeye aliwageuzia viganja mumewe na mwanawe, kisha akamgeukia mwenye taa.

"Jai Shri Krishna, Mbaluka."

"Na kwako, Mama."

Mbaluka alikuwa amebatizwa na wamishonari wa kwao, na jina lile la mungu wao hakulitamka. Lakini kitu ndani yake kilinyooka kila jioni aliposalimiwa. Mchana kutwa alikuwa boi wa kutumwa mkaa na maji. Kwa dakika ile alikuwa mtu aliyengojewa.

Umeme ulipoingia, hakuna aliyeifuta desturi ile. Ilikonda yenyewe. Mmoja aliwasha akiwa anapita, mwingine akiwa bafuni, na salamu haikujua ishike saa gani. Karabai zikaenda stoo. Ila Mohanlal alipenda sana kwenda kupiga kambi, na huko porini hakukuwa na waya. Kila sikukuu familia ilibeba mahema kwenye gari la duka, wakaenda kulala karibu na maporomoko ya maji ya upande wa Kilimambogo, na Mbaluka akaenda nao. Jua likizama aliingia hemani na taa yake, na mambo yakawa kama zamani. Mohanlal hakumficha. Alimwambia wazi kwamba kwa kazi ya nyumbani pekee asingehitaji mtumishi; ni safari zilizokuwa zikimweka Mbaluka mjini. Safari zikiisha, atarudi Ngoliba kwenye shamba lake la mawe na mtama usiokomaa.

Mwaka wa hamsini na saba, njia zilipoanza kulegezwa kidogo baada ya miaka ya pasi na vizuizi vya vita vya Mau Mau, Mohanlal alitangaza kwamba wataenda mpaka Mombasa, na wataenda na nyumba yao. Kulwant, fundi Kalasinga mwenye gereji karibu na reli, alikuwa akiwajengea trela la kulala: mwili wa mbao na mabati juu ya ekseli ya trela la jeshi, vitanda vya kukunja, meza ya bawaba, tangi la maji chini ya sakafu. Mbaluka angepanda humo ndani, juu ya magodoro, kwa kuwa gari lilikuwa na viti vitatu tu, vya familia, na nyuma lingejaa mizigo mingine.

Kuchagua vitu vya kubeba kulichukua wiki nyingi na kukaleta magomvi mengi. Mohanlal alitaka stovu mbili za mafuta, ya pili ikiwa akiba. Vimla alitaka jiwe lake la kusagia viungo, kwa sababu chakula chao hakikuwa na nyama na bila chatini hakikuwa na maana. Pravin, mwana wao aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi, alitaka jenereta. Mwanzoni Kulwant alimshauri atumie betri mbili za lori, zichajiwe na dainamo ya gari mchana. Pravin alisema Mombasa kuna joto, atahitaji feni, na betri zitakufa usiku wa kwanza. Basi Kulwant akatoa jenereta mbili alizokuwa nazo. Moja ilikuwa ya jeshi, kubwa, yenye kelele ya kinu cha mahindi. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kijani, imeletwa na meli karibuni.

Ziliwashwa zote uani, moja baada ya nyingine. Mohanlal, ambaye aliyaamini masikio ya Mbaluka kuliko maneno ya wauzaji, alimwuliza angechukua ipi.

Mbaluka alisikiliza. Ile kubwa ilikohoa. Ile ndogo ilivuma sawasawa, bila kukatika, karibu kama karabai iliyopigwa pampu vizuri. Alijua kwamba akisema zote mbaya huenda akaaminiwa. Alijua pia kwamba asingeweza kulala baada ya kusema hivyo.

"Ile ndogo," alisema. "Inapumua vizuri."

Pravin alifurahi, akampiga bega. Hakuwa kijana mbaya. Alimwambia Mbaluka kwamba sasa atapumzika na ule moshi wa mafuta, na alisema hivyo kwa moyo mweupe.

Siku ya kupima mzigo walilivuta trela hadi Ruiru, kwenye kiwanda kimoja cha kahawa kilichokuwa na mizani ya malori. Kulwant alikuwa amesema wazi kwamba springi zile zina mwisho wake, na barabara ya Mombasa, kwa makorongo yake ya udongo wa murramu, haina huruma na anayedanganya. Mizani ilikuwa mikononi mwa Gathogo, mtu wa Kalimoni, mfupi, mwenye mdomo. Kulwant alimwonyesha uzito wa mwisho, Gathogo akasukuma kipimo na kukikaza hapo. Mkono wa chuma ukilala, mzigo uko salama. Ukiinuka, umezidi.

Vitu viliingia kimoja kimoja. Stovu, mkono umelala. Magodoro, vyombo, unga, debe za maji, umelala. Jiwe la Vimla lilibebwa na wanaume wawili, ukatikisika na kulala tena. Jenereta na debe lake la petroli, ukatetemeka kama mkia wa mjusi, ukatulia.

"Sasa mtu," Mohanlal alisema.

Mbaluka alipanda na kasha lake la karabai. Mkono wa chuma uliruka juu ukagonga.

"Mkamba, umekula nini?" Gathogo alicheka. "Leo unauzwa kwa ratili, na umezidi."

Wabebaji wa kahawa waliokuwa kivulini wakacheka pia. Mbaluka alishuka, akatoa karabai zote kashani akabakiza moja, akapanda tena. Uliruka. Akavua koti. Akatoa blanketi lake. Gathogo akamuuliza kama atavua na suruali, halafu alipomtazama usoni akajifanya kupangusa kipimo. Mkono bado ulikuwa juu, kidogo tu, kama kidole cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

Pravin alieleza kwa upole yaliyokuwa wazi kwa kila mtu. Jenereta itafanya kazi ya taa, yeye mwenyewe ataiwasha, maji atachota. Kuitoa stovu ya pili kusingesaidia, ilikuwa nyepesi mno. Hakuna la kufanya. Mbaluka angebaki kulinda nyumba. Mohanlal aliangalia viatu vyake. Yeye na Mbaluka walijua nyumba haikuhitaji mlinzi, na kwamba aliyebaki safari hii amebaki na zote zitakazofuata.

Mbaluka aliketi ukingoni mwa mlango wa trela, kasha magotini, mkono wa mizani ukiwa juu kwa sababu yake. Akawaza njia ya Ngoliba, vumbi lake, na jinsi atakavyomwambia Mwongeli. Akaanza kushuka.

Vimla alikuwa ndani ya gari muda wote huo, mlango wazi, akipepea uso kwa ncha ya sari. Aliuliza kwa Kigujarati, kisha akauliza tena kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Nani ataleta taa?"

Pravin alisema taa haitaletwa, itawaka yenyewe, atabonyeza tu.

"Nimesikia. Nimeuliza nani ataileta." Hakungoja jibu. "Toeni jiwe langu."

Mohanlal alimwambia afikirie vizuri. Jiwe lile Vimla alilirithi kwa mama yake, na alikuwa amelitaja kila siku kwa wiki nzima. Akasema amefikiri. Wale wanaume wawili wakapanda wakalitoa jiwe, wakaliweka kwenye nyasi. Gathogo aliinamia mizani. Mkono wa chuma ulishuka polepole, Mbaluka na karabai yake moja wakiwa juu, ukalala.

Hivyo jenereta ilikwenda, na Mbaluka akaenda. Kambi ya kwanza walipiga upande wa Kibwezi. Jua lilipozama Pravin alikuwa tayari ameshika kamba ya kuvuta, na mama yake akamwambia angoje. Mbaluka alipiga pampu nyuma ya trela. Akaingia na karabai yake mlangoni, ameinama, akaiinua usawa wa kifua, na wote watatu wakaunganisha viganja, Pravin akiwa wa mwisho na bila haraka, na salamu ikapita mezani mpaka ikamfikia aliyeshika taa. Baadaye kamba ilivutwa, ile mashine ya kijani ikavuma bila kukosea hata mara moja, feni ikazunguka, na karabai ikazimwa kulinda mafuta. Hata Mbaluka alipenda ile feni.

Lakini chatini haikuwa chatini. Vimla alikuwa amejaribu kuponda viungo kwa chini ya kikombe. Alionja, akasukuma sahani.

"Bila jiwe, hii imesagwa na nani? Na injini?" Akamtazama Mbaluka juu ya meza. "Unajua wewe ni mzito kiasi gani? Wewe ni jiwe langu zima."

"Ndiyo, Mama."

"Basi tafuta la kusagia."

Akatoka na tochi ya Pravin, akashuka kwenye mkondo mkavu uliokuwa chini ya kambi, akayapapasa mawe moja moja mpaka akapata bapa lisilo na chembe za kumeguka. Aliliosha, akalibeba begani, akaliweka karibu na stovu. Asubuhi, wakati wa kupakia, Pravin alifungua mdomo ili aseme habari ya uzito. Mbaluka alikuwa ameshaliinua jiwe akalirudisha mkondoni, mahali pale pale alipolitoa. Akafanya hivyo kila kambi, kwa jiwe la pale pale, safari ya kwenda na ya kurudi: jioni taa, kisha jiwe, na asubuhi jiwe likarudi kwao.