Trekta la Nyasi Lisilo na Mshono

Nimenunua vitu vingi maishani, na vingi nimevipata kwa bei niliyoitaka mimi. Kile kilichonipa sifa kubwa kwa wenzangu ndicho ninachokijutia hadi leo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Kigoma imejaa magari meupe na maturubai. Shirika moja la misaada lilikuwa na uwanja mpana nyuma ya maghala yake, upande wa ziwani, nyasi zimefika magotini. Lilitafuta mtu wa kuufyeka kwa mkataba. Sharti lake: uje na mashine yako, uumalize uwanja ndani ya siku saba za majaribio. Mimi nilikuwa dalali wa vyuma kati ya Ujiji na Kibirizi. Nyasi sikuzijua, ila nilikuwa na fundi.

Fundi wangu alikuwa Mrundi, mchomeleaji, ametoka kambini kwa kibali cha kazi. Kibali kilikuwa kimebakiza siku tisa. Nilizihesabu kwenye karatasi yake, nikazihesabu tena. Tukipata mkataba, shirika lingemwandikia barua na kibali kingeongezwa. Tukikosa, anarudi kambini. Na mama yake, aliyeingia nchini miaka mingi kabla yake, alikuwa Katubuka kwenye chumba cha kupanga, miguu imevimba, hawezi kusimama. Fundi ndiye aliyemchotea maji na kumpikia. Hakuwa na mtu mwingine.

Mradi mmoja uliokuwa unafungwa ulikuwa unauza matrekta mawili madogo ya kukatia nyasi, yale ya kukalia. Injini zote mbili ziliwaka. Tofauti ilikuwa chini ya tumbo, kwenye karai la chuma linalofunika visu. La kwanza lilikuwa bati moja lililokandamizwa kiwandani likapata umbo la mviringo, jepesi, halina kiungo hata kimoja. La pili lilikuwa la mabamba manene yaliyokatwa, yakakunjwa, yakachomelewa. Zito, lina pembe kama kabati.

Fundi alilala chali chini ya lile la mabamba, akakaa huko muda mrefu.

"Mkubwa, chukua hili," akasema. "Aliyelichomelea hakuwa na haraka."

"Lina mishono minane."

"Ego, ndiyo, minane. Mmoja ukifumuka, naushona."

"Na lile halina wa kufumuka."

"Oya, hapana, mkubwa. Lile ni kama kifuniko cha sufuria. Likipasuka, moto wangu hauna pa kushika."

Mtunza ghala wa mradi ule, mtu wa Pwani aliyehamishiwa kwetu na hajawahi kutusamehe, akacheka. "Kigoma bwana! Hata mashine ya nyasi mnaigombania kama mafungu ya dagaa."

Hakukosea sana. Kibirizi, mtu akinunua karai la kukaangia dagaa, huligonga kwa kucha na kulizungusha juani. Akiona kiraka au mshono, analirudisha: penye mshono ndipo mafuta yanapovujia. Nimenunua makarai hivyo tangu utoto. Basi nikaligonga lile la bati, likalia vizuri kama kengele. Nikaligonga la mabamba, likanijibu du, kama mtu aliyeshiba ugali.

"Hili linalolia," nikasema.

Fundi alikwangua kwa bisibisi upande wa ndani wa lile bati. Kutu ikadondoka kama maganda ya vitunguu. Akanionyesha kiganja chake. Nilichofanya mimi ni kuitumia ile kutu kushusha bei, hadi madalali wenzangu wakanisifu.

Siku mbili tulikata vizuri, nyasi zikiruka kwa wingi pembeni. Siku ya tatu tulikipanda kichuguu kilichojificha ndani ya nyasi. Trekta la mabamba lingekikwangua, likapita. Letu lilijikunja ukingoni, kisu kikaligonga bati kwa ndani, likachanika kiasi cha mkono wangu kupita.

Fundi akavaa miwani. Kila alipogusisha moto, bati liliyeyuka likaacha tundu. Akiziba tundu, linazaliwa jingine pembeni yake. Niliyahesabu matundu, kumi na moja. Nikarudia, kumi na mawili, maana alikuwa bado anafanya kazi. Nilikimbia kwa mtunza ghala kuulizia lile jingine.

"Limeshakwenda Kasulu," akasema. "Aliyelichukua hakuligonga hata mara moja."

Siku ya nane uwanja ulipewa watu wenye mafyekeo. Siku ya tisa fundi alipanda lori la kambini. Nilimwomba radhi akiwa tayari juu ya bodi.

"Ntaco, mkubwa," akanijibu, maana yake si kitu. Kisha akageukia mbele.

Nilikwenda Katubuka mchana ule ule. Njiani nilikuwa nimeyapanga maelezo: kichuguu, kutu, wembamba wa bati, bahati. Mama yule aliniangalia kutoka kitandani, nikiwa mlangoni.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Amerudi kambini, mama. Kibali kimeisha."

"Alisema mtapata kazi."

"Alinionyesha mashine ya kununua. Nikakataa."

Akanyoosha kidole kwenye madumu mawili matupu yaliyokuwa pembeni ya kitanda.

"Basi nenda," akasema. "Bombani huwa kuna foleni."