Kamati Iliyokalia Plaiwudi

Shule niliiona, ila hatukukaa pamoja sana. Darasa la pili nikaaga. Hilo halikunizuia kuwa fundi wa kwanza wa plaiwudi katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mitundu. Wa pili sijamwona hadi leo.

Siku hizo wote tulilima shamba la pamoja. Wote, isipokuwa kamati, ambayo kazi yake nzito ilikuwa kukaa. Ndipo akaja daktari wa mifugo, Mzungu, na lori lililojengewa chumba mgongoni: kitanda, jiko, kabati, analala humohumo. Paa lake la plaiwudi lilikuwa limeoza, na mvua zilikuwa karibu. Mwenyekiti wa kijiji akaniita.

"Paa lisipovuja, utaliaga jembe, utashika useremala wa kijiji. Likivuja, mwanangu, utalima mpaka jembe likuite baba."

"Sawa, mzee."

Daktari alikuwa amenunua plaiwudi za aina mbili mjini. Mwenyekiti, mtaalamu wa kila kitu, akachagua zinazong'aa. Mimi nikakata kipande cha kila aina, nikavichemsha kwenye sufuria ya mke wangu.

"Baba watoto, leo tunakula mbao?"

"Subiri ziive."

Kile cha kung'aa kikaachana matabaka kama kitunguu. Cha pili, chenye rangi ya ugali wa mtama, kikatoka kama kilivyoingia. Mwenyekiti akasema hizo ndizo alizokuwa anamaanisha tangu mwanzo.

Plaiwudi moja haikutosha upana wa paa, ilibidi kuunga. Asiyejua huzigusanisha kingo akapiga misumari, mvua ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Mimi nilizipiga randa kingo zote mbili kwa mshazari mrefu, ncha nyembamba kama ukucha, nikapaka gundi, nikalaza moja juu ya nyingine, na ubao juu yake. Ukabaki uzito wa kugandamiza mpaka gundi ishike. Vibanio sikuwa navyo. Nikaangaza huku na huku, nikaiona kamati.

"Shikamooni wazee. Kikao cha leo mngekifanyia hapa kwenye ubao, kuna kivuli."

Wakakaa. Hoja ya siku: kwa nini paa la gari lisisiribwe udongo kama mapaa ya nyumba zetu za tembe? Mmoja akauliza gari litatembeaje na udongo kichwani. Akaambiwa anapinga maendeleo. Wakabishana mpaka jua likazama, gundi imeshakauka zamani.

Plaiwudi hizo zilizoungwa zikatosha nusu ya mbele ya paa, nikaifunga; ya nyuma tukaitandazia turubai ingoje zamu yake. Mvua ya kwanza ikapiga. Mbele, ndani pakavu. Nikaenda kuliaga jembe.

"Jembe lipi?" akasema mwenyekiti. "Paa limeungwa na kamati, wewe ulileta ubao tu. Nusu iliyobaki tutamaliza wenyewe. Kesho shambani, usichelewe."

Sikuchelewa. Kamati nayo ikapanga plaiwudi zilizobaki kingo kwa kingo, bila randa, bila tone la gundi, ikaweka ubao, ikakaa kutwa nzima. Jioni wakainuka kwa heshima zote, wawili wakashika huku, wawili kule, wakanyanyua. Kila upande ukaja na kipande chake.

Daktari akawatazama, kisha akatazama mawingu.

Kesho yake mwenyekiti alikuja shambani mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga matuta yale.

"Fundi," akasema, "hilo jembe liache hapohapo."

Nikamalizia tuta kwanza, taratibu, asimame kidogo.