Ukuta wa Juvenali

Sokoni Mugoma, kigoda kikivunjika mguu, watu hucheka wakasema, "Cha Juvenali hicho." Ndoo ikivuja, ni ya Juvenali. Hata ndoa changa ikiparaganyika kabla ya mavuno ya kwanza, walevi wa vilabuni huambiana kwamba iliyojengwa na Juvenali haidumu. Wengi wa wanaosema hivyo hawakumjua. Lakini mjane wake, Mwalimu Koleta, alikuwa akipita katikati yao na kikapu chake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na kila neno lilimfikia.

Juvenali alikuwa fundi wa kujenga na wa kukunja bati. Koleta alipotaka kuolewa naye, wajomba zake walisema msichana aliyesomeshwa ualimu haendi kulala na mwanamume mwenye udongo kwenye kucha. Akaenda. Na miaka yote ya ndoa alitembea ameinua shingo, kwa sababu kila nyumba iliyosimama wima kutoka Mugoma hadi Nyakisasa ilikuwa ikiwajibu wajomba kwa niaba yake.

Kisha likaja jambo la ukumbi wa Rwinkuba.

Kamati ya ujenzi ilimpa Juvenali kazi hiyo, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Novatus, yule aliyesimamia ndoa yao kanisani na tangu siku hiyo akamwita Koleta shemeji. Juvenali alijenga, akapiga lipu, akaezeka, na mwisho akafunga magata ya kukinga maji ya mvua, aliyoyakunja kwa mkono wake mwenyewe. Ncha za bati alizikunja kama watu wa huku wanavyokunja jani la mgomba wanapofungia kitu cha kupeleka ugenini: upande huu, upande ule, kisha ulimi mmoja unachomekwa ndani. Ndoo zake zote zilikuwa na mkunjo huo. Hakuna fundi mwingine aliyeupata.

Kiangazi cha kwanza magata ya upande wa juu yalitoweka. Novatus akasema ni wezi wa ng'ambo ya mpaka, wameyapitisha Kabanga usiku. Hakuna aliyefunga mengine. Mvua zikaja, zikaondoka, zikaja tena, maji yakimwagika chini ya ukuta ule ule, hadi Jumapili moja kona ikashuka na kumuua mbuzi aliyefungwa hapo. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, Novatus alisimama mbele.

"Msitafute mchawi," alisema. "Fundi amekula saruji, akatujengea kwa udongo."

Juvenali alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi la karibu na mlango. Alivaa kofia yake akatoka. Nyumbani alimwambia mke wake, "Mimi nikijitetea watasema mwizi anajitetea. Acha ukuta useme." Ukuta haukusema. Juvenali aliugua, akafa, akazikwa migombani kwake na jina la mwizi, na Novatus ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kaburini, kwa sauti ya huzuni nzuri kabisa.

Koleta hakusahau hata nukta ya siku hiyo. Alikuwa amestaafu na hana mamlaka juu ya mtu, ila alikuwa na uvumilivu wa mwalimu anayejua kuwa mtoro hurudi darasani siku moja, na siku hiyo kiboko kipo.

Mwaka jana, sekondari ya kata ilipata mwalimu wa sanaa, binti mdogo mdogo kutoka Kabanga aitwaye Irakoze. Huyu aliwaambia wanafunzi watafute kitu kinachokufa, wakae nacho, wauone uzuri wake, kisha wote pamoja watengeneze kazi ya sanaa pale pale kilipo, kazi ambayo mtu anaingia ndani yake kama anavyoingia nyumbani. Wanafunzi wakachagua ukumbi wa Rwinkuba. Koleta aliposikia, alichukua fimbo yake akapanda kilima.

"Shikamoo, bibi!" Watoto walikuwa wametapakaa kila mahali, masizi mikononi, chokaa kwenye nywele.

"Marahaba. Nani kawatuma kuipamba aibu ya watu?"

Irakoze alikuja akipangusa mikono, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu. Hatupambi aibu. Tunatafuta uzuri uliomo katika kuharibika."

"Uzuri wa kuharibika! Mama yako akiharibika utampaka rangi?"

Watoto walishika midomo wasicheke. Irakoze hakukasirika. "Ingia uone kwanza, mwalimu. Halafu utufukuze."

Msichana aitwaye Priscila, kiongozi wa kikundi chao, alimshika mkono akamvusha kifusi. Koleta hakuwa ameingia humo tangu kona iliposhuka. Alipopita njiani aligeuza uso upande wa pili. Sasa alisimama katikati na kuangalia. Watoto walikuwa wamefuata kila doa la maji ukutani na kulizungushia mstari, madoa ya zamani kwa masizi, mapya kwa udongo mwekundu, doa ndani ya doa, hadi ukuta mzima ukawa kama vilima vya Ngara vinavyoonekana asubuhi yenye ukungu, kimoja nyuma ya kingine. Kuvu la kijani hawakuligusa. Kwenye tundu la paa walikuwa wametundika nyuzi za mgomba, na jua lilishuka kupitia hapo likatetemeka sakafuni. Ilikuwa nzuri. Koleta alikasirika kwamba ilikuwa nzuri, kisha hasira ikakosa pa kushika.

Hapo akaona matofali. Lipu ilikuwa imedondoka vipande vikubwa, na chini yake kazi ya Juvenali ilikuwa wazi kama mtu aliyevuliwa shati: kozi juu ya kozi za matofali, zimenyooka kama mistari ya daftari, kila tofali limekalia kiungo cha yale mawili ya chini yake. Koleta alitoa ufunguo wa nyumba, akakwangua katikati ya matofali. Ufunguo uliteleza. Akakwangua kwa nguvu. Saruji, ngumu, ya kijivu.

"Bibi, huyo fundi alikuwa na ugomvi na nani?" aliuliza Luhende, kijana mrefu wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao. "Tulitaka kuchomoa tofali moja tu la kutengenezea kitu. Tumeng'ang'ana hadi mtaimbo umepinda. Sisi, wanaume wa Kisukuma!"

"Wewe na uanaume wako," alisema Priscila.

Koleta hakucheka. Alifuata madoa kwa macho kutoka juu hadi chini. Yote yalianzia pale ambapo magata hayakuwepo. Upande wa pili, penye magata, ukuta ulikuwa mkavu na lipu haina hata ufa. Maji yalikuwa yamechimba chini ya msingi, ndipo kona ikashuka. Ukuta ulikuwa umesema miaka yote hiyo. Hapakuwa na mtu wa kuuangalia, na yeye mwenyewe alikuwa akigeuza uso.

Tangu siku hiyo akawa anapanda kilimani kila baada ya chai. Alichemsha magome ya miti ya rangi, akasuka nyuzi, akawasahihisha Kiswahili chao bila kuombwa. Wanafunzi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vilivyochakaa: vinu vilivyopasuka, baiskeli zisizo na magurudumu, mitungi ya pombe iliyotoboka. Vyote vilikuja kupangwa ndani ya ukumbi, kila nyumba iwe na chake.

Alasiri moja Luhende na Priscila waliingia wamebeba magata yenye kutu, kinyesi cha kuku kimekaukia ndani.

"Mama Jovina ndiye katupatia," alisema Priscila. "Alikuwa akinyweshea kuku."

Jovina ni mke wa Novatus. Koleta aliinama akageuza ncha ya gata. Upande huu, upande ule, ulimi umechomekwa ndani.

"Kayatoa wapi Mama Jovina?"

"Anasema yalikuja juu ya lori la mahindi, kutoka shamba la mzee kule Biharamulo. Yalikuwa kwenye nyumba ya mlinzi, wameweka mapya."

Irakoze alimtazama. "Mwalimu, umebadilika uso."

"Ni vumbi."

Alikaa juu ya kinu kilichopasuka akafikiri. Angeweza kwenda kwa Novatus kimya kimya, na Novatus angeomba msamaha chumbani, mlango umefungwa. Tena kulikuwa na Jovina. Wakati wa msiba wa Juvenali, Jovina ndiye aliyelala naye kwenye mkeka, akampikia uji, akamwosha miguu alipokuwa hawezi kuinama. Koleta alilikumbuka hilo lote. Kisha akaliweka pembeni.

"Mgeni rasmi mmepata?" aliuliza.

"Bado."

"Mwombeni Mzee Novatus. Na kila aliyetoa kitu asimame kukitaja, kama tunavyotaja zawadi harusini. Haya magata yafunikeni kwa mkeka mpaka siku yenyewe."

Irakoze aliitazama ile ncha, akautazama ukuta, akaelewa. "Una hakika, mwalimu?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia, mwanangu. Sasa na wao waangalie."

Siku ya uzinduzi kilima kilijaa. Novatus alikuja na koti jeusi, akakaa kiti cha mbele, Jovina kando yake na kitenge kipya. Hotuba yake ilikuwa ndefu, nusu yake juu ya uadilifu. "Hata kazi ya marehemu Juvenali, Mungu amsamehe," alisema akitabasamu, "leo imepata faida!" Watu wakacheka. Koleta alikuwa safu ya kwanza. Alitabasamu pia, na waliomjua vizuri wangeogopa tabasamu lile.

Vitu vikatajwa. Mzee mmoja alikitaja kinu cha mama yake hadi machozi yakamtoka. Zamu ya Novatus ilipofika, Jovina alimnong'oneza walichotoa, naye hakungoja mkeka ufunuliwe.

"Nyumba yangu imetoa magata! Kutoka shambani kwangu Biharamulo. Nimeyanunua kwa jasho langu, yamechakaa kwa kazi."

Jovina akapiga makofi. Priscila akavuta mkeka. Luhende alikuwa tayari juu ya ngazi, vijana wakampandishia. Vyuma vya kushikia magata vilikuwa bado kwenye ubao wa paa, kama vilivyoachwa.

"Yameingia!" Luhende alipiga kelele. "Mwalimu, hata tundu moja halijakosea!"

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma alisimama. "Huo mkunjo naujua. Ndoo yangu ya nyumbani inao."

"Na yangu," alisema mwingine.

Wanafunzi walimwaga maji juu ya paa, kama walivyokuwa wamefanya mazoezi. Maji yalikimbia ndani ya magata yenye kutu, yakatemwa mbali, na ukuta ukabaki mkavu. Watu wote waliuangalia ukuta, yale madoa, yale matofali yaliyonyooka.

Koleta aliinuka. "Mzee Novatus. Wale wezi wa ng'ambo, walikurudishia lini?"

"Shemeji, magata hufanana…"

"Mimi si shemeji yako."

"Yanafanana hadi matundu?" Luhende aliuliza kutoka juu ya ngazi, na kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa cha aina nyingine kabisa.

Jovina alimgeukia mume wake. "Uliniambia umeyanunua dukani Biharamulo," alisema, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Alijifunika kitenge usoni, akashuka kilima peke yake.

Jioni Novatus alifika uani kwa Koleta, kofia mkononi. Koleta hakumpa kiti. Huku kwetu hata mdai hupewa kiti.

"Tuyamalize nyumbani, mama. Sisi ni watu wazima."

"Hukuyaanzia nyumbani. Uliyasema mkutanoni, kayaseme mkutanoni."

"Nina wajukuu, Koleta."

"Juvenali pia ana wajukuu. Wanaitwa wajukuu wa mwizi wa saruji."

Mkutano uliofuata, Novatus alisimama mbele. Koleta alikwenda kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la karibu na mlango. Novatus akasema kwamba magata aliyachukua yeye na kwamba fundi hakula kitu. Alisema akitazama viatu vyake.

"Hatusikii!" Koleta alisema.

Akarudia.

"Huku nyuma hatusikii."

Akarudia tena, kwa sauti iliyopasuka, na ndipo Koleta alipofunga vizuri kitambaa chake akatoka kwa mlango aliotokea mume wake.

Ukumbi umejengwa kona upya. Mafundi walitaka kuupiga lipu ukuta wa madoa, Koleta akakataa, na kijiji kikakubaliana naye. Harusi sasa hupigia picha pale, maharusi wamesimama mbele ya vile vilima vya masizi na matofali yaliyovuliwa nguo.

Na juzi sokoni, kigoda cha muuza dagaa kilivunjika mguu. Watoto waliokuwa wakicheza karibu wakaruka ruka wakiimba, "Cha Novatus! Cha Novatus!" Jovina alikuwa hapo hapo, akinunua chumvi. Aliinua macho akamtazama Koleta, ambaye maisha yake yote hakupita mahali penye watoto wenye adabu mbaya bila kuwanyamazisha kwa neno moja. Hakumwomba. Alimtazama tu.

Koleta alichagua nyanya zake, moja moja, akizigeuza kuona kama zimeoza upande wa chini. Watoto wakaendelea kuimba. Akalipa, akainua kikapu, akaenda zake ameinua shingo.