Hermine Alivyomrudisha Mdogo Wake Hungaria

Hermine Lunzer alimuuguza mama yake kwa miaka mingi, katika kijiji cha Austria kilichotazamana na Hungaria. Alimlisha, akamfulia, akamgeuza kitandani. Mama alishukuru, lakini jina lililomtoka kinywani kutwa lilikuwa la Gisela, kitinda mimba wake, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka na Ferenc, mfanyakazi wa reli, kabla mpaka haujafungwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1956 Wahungaria waliiasi serikali yao, iliyotegemea majeshi ya Warusi, na walinzi wa mpakani wakaacha kuzuia watu. Asubuhi moja Gisela akaingia jikoni, matope hadi magotini. Mama, aliyekuwa hawezi hata kushika kijiko, aliketi mwenyewe akamaliza bakuli zima la supu huku akimpapasa Gisela mashavu.

Hermine aliyaona hayo akiwa mlangoni na ndoo mkononi. Akageuka kwenda kisimani.

Siku zile Lorenz, mumewe, hakubanduka kwenye redio. "Waingereza na Wafaransa wanapiga mabomu Misri," alisema. "Na Warusi eti wanaondoka Budapest. Nani wa kumwamini hapo?"

"Mimi nitakaa kwanza, dada," Gisela alisema. "Ferenc alinikataza kurudi. Yeye ndiye atanifuata."

Hermine alikuwa akikanda unga, hakugeuka. "Warusi wanaondoka, umesikia mwenyewe. Umemwacha mume peke yake, ndiyo nini? Nenda kamchukue, mje wote."

"Unanifukuza?"

"Nani kakufukuza? Nakwambia la maana."

Jumamosi Gisela aliondoka. Hermine alimfungia mkate na nyama kavu ya nguruwe, akamsindikiza hadi kwenye mfereji wa mpakani. Akirudi peke yake alijiona mwepesi, kama aliyetua mzigo.

Jumapili alfajiri vifaru vya Warusi viliingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kuuzima uasi.

Wakimbizi wakaanza kumiminika, wengine wamebeba watoto mgongoni. Hermine aliwafungulia ghala, akawachemshia chai, akawavua viatu vilivyoloa. Kila mwanamke aliyeingia, Hermine alimtazama usoni, kisha akamuuliza habari za Gisela. Hakuna aliyejua. Padri alimsifu kanisani mbele ya watu. Yeye akainamisha kichwa, masikio yakimwaka.

"Utajiua kwa kazi, mke wangu," Lorenz alimwambia. "Hebu pumzika."

"Niache tu, Lorenz."

Mpaka ulifungwa tena. Mama alifariki Januari, akiuliza Gisela kaenda wapi.

"Yuko kisimani, mama," Hermine alimjibu. "Anakuja."

Miaka ikapita kabla Gisela hajapata ruhusa ya kusafiri. Alifika mvi zimemjaa. Ferenc alikuwa amefungwa kwa ajili ya uasi ule, akatoka gerezani na mapafu mabovu. Hermine hakungoja hata mgeni avue koti.

"Nilikurudisha kwa sababu ya mama," alisema. "Wivu tu, Gisela. Hakukuwa na lingine."

Gisela alivua koti polepole. "Nilijua," akasema. "Nimekuchukia mpaka nimechoka. Usiniombe nikusamehe leo, siwezi. Nipeleke kaburini kwa mama."

Walikwenda kwa miguu. Pale kaburini Gisela alipiga magoti akaanza kung'oa magugu. Hermine alisita, hakujua kama anaruhusiwa. Kisha akapiga magoti upande wa pili, akang'oa naye.