Kina Mama wa Themanini na Nne

Kocha akikuita asubuhi na kuongeza, "Njoo na tableti," usijisumbue kuuliza kwa nini. Ndani ya tableti mna mbinu zote za timu, na timu haimwachii siri zake mtu anayeondoka. Alhamisi ile nilipoitwa, wenzangu wote chumbani waligundua ghafla kwamba kamba za viatu vyao zinahitaji kufungwa upya. Nami niliwahi kuzifunga hivyo hivyo walipoitwa wengine, kwa hiyo sikumlaumu mtu. Uongo. Niliwalaumu wote.

Nilikuwa mpokeaji katika mpira wa Kanada, ndugu wa ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono. Kazi yangu ilikuwa kukimbia, kugeuka ghafla na kuudaka mpira uliorushwa, huku jitu la kilo mia likinijia kwa kasi liniangushe. Kudaka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuinuka. Nilifanya hivyo miaka tisa katika miji ya watu, na msimu huu ndio ulikuwa wa kwanza nyumbani, Toronto, wakati goti la kushoto limeshaanza kukataa amri.

Kocha alinishukuru kwa adabu, akanipa mkono. Nikatoka na viatu vyangu ndani ya mfuko wa plastiki.

Lililonichoma zaidi ni Jumamosi. Kina mama wa kanisa letu la Kiswahili walikuwa wanakuja uwanjani kuniona. Mwenyekiti wao, mama wa Kirundi aliyekuwa jirani yetu tangu tulipofikia mtaa wa St. James Town, alikuwa amekodi basi na kuchapisha fulana arobaini zenye namba yangu mgongoni, themanini na nne. Mama yangu, ambaye huogesha na kulisha wazee wa watu kwa zamu, aliomba ruhusa kazini mwezi mzima kabla. Hakuwahi kufika uwanjani hata mara moja. Zamani nilipoacha chuo nikacheze, alisema tu, "Mtoto akililia wembe, mpe." Sasa wembe ulikuwa umenikata. Ningemwambiaje siku mbili kabla ya sherehe yake?

Sikumwambia. Ijumaa alipiga simu kuuliza kama mandazi yanaruhusiwa uwanjani. Nikasema hayaruhusiwi.

"Basi tutayaficha," akasema, akacheka, akakata.

Nilikaa kitandani nikiwa na hasira na kila kitu, hata na mandazi.

Jumamosi nikaenda kanisani, basi likiwa linapakia. Mama aliniona nimevaa jinzi, saa ambayo mchezaji anatakiwa awe uwanjani anafungwa bandeji.

"Wamekuacha?"

"Wameniacha, Mama. Tangu juzi."

"Juzi! Na jana tukaongea mandazi?"

"Niliogopa kukuaibisha mbele za watu."

"Wee mtoto wewe!" Akanivuta sikio, mimi mwanamume wa miaka thelathini na moja, dereva akitazama. Kisha akasema polepole, "Asante Yesu." Nikadhani ni ile asante ya kujikaza.

Mwenyekiti akapiga makofi. "Mungu si Athumani. Basi limeshakodiwa. Panda, utueleze huu mchezo wenu, maana miaka yote natazama na mama yako kwenye televisheni na sielewi kitu."

Tukafika, na timu ilipoingia uwanjani, kina mama wakarukia viti. "Huyo! Themanini na nne!" Jezi yangu ilikuwa tayari mgongoni kwa mwingine, mgeni mwenye magoti mazima. Haikupata hata nafasi ya kupoa. Walijua fika si mimi. Mimi nilikuwa katikati yao nimepakata mkoba wa mandazi. "Kwani fulana tuzitupe?" akauliza mmoja, na vigelegele vikaendelea. Nilimwonea wivu yule jamaa mpaka mate yakawa machungu. Nikaomba, Mungu anisamehe, audondoshe mpira.

Robo ya tatu ya mechi alirushiwa mpira katikati, pale pabaya. Akaruka, akaudaka, na kabla hajagusa chini beki akamgonga mbavuni. Akaanguka, akalala. Niligeuka nimweleze Mama, nikakuta amejifunika uso wote kwa mtandio.

"Ameinuka?" akauliza kutoka humo ndani.

Hakuniuliza mimi. Mwenyekiti alikuwa ameshamshika mkono.

"Bado, dada. Ngoja. Amepiga magoti. Haya, ameinuka."

Mama akafunua uso, akashangilia kama wengine.

"Kumbe hutazami?" nikamwuliza.

"Atatazama nini huyu?" mwenyekiti akajibu. "Miaka tisa mimi ndiye macho yake. Mpira ukija kwako, yuko ndani ya mtandio. Hajakuona ukidaka hata mmoja, mwanangu. Yeye anataka kuambiwa umeinuka, basi."

Nilihesabu mechi zote zile, mimi nikijifuta majani na kumpungia mkono kwenye kamera, nikidhani anajivunia. Nikalia, tena kwa sauti, katikati ya fulana arobaini.

Mama akaingiza mkono mkobani, akatoa andazi, akalitia kiganjani mwangu na kunifumba vidole.

"Kula," akasema. "Leo hata mimi nimestaafu."