Mzee Chuma na Pesa Isiyosema

Palikuwa na mchomeleaji mmoja, mtengeneza mageti na madirisha ya chuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Chuma. Alikuwa na mikono mikubwa hivi kwamba kikombe cha chai alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyekamata nyuki. Mtu mwema, mcheshi, hodari wa kazi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, sauti. Alipoimba kwenye harusi ya binti yake mkubwa, mbwa wa mitaa mitatu walihama, na maziwa ya jirani yakaganda yakiwa bado jikoni. Mpiga muziki alichomoa waya kwa huruma. Bibi harusi alilia hadi wanja ukamfika kidevuni.

Sasa kitinda mimba naye alikuwa akiolewa baada ya wiki saba, na alishajihami mapema.

"Baba, nakupenda. Kula, cheza, pokea wageni. Ila kipaza sauti usikiguse."

"Sitaimba kama siku ile, mwanangu."

Binti alikuwa na orodha ya wageni mkononi, hakusikiliza vizuri. Mzee Chuma alimaanisha kila neno. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wa muziki, mama mmoja mwembamba mwenye kinanda sebuleni, akamwomba amfundishe wimbo mmoja wa kumwimbia mwanawe wa mwisho. Akajua pia kwamba binti akipata fununu tu, kipaza sauti kitafungiwa kabatini na nafasi ile haitarudi tena, kwani binti wa tatu hakuwa naye.

Na fununu katika mtaa ule zilikuwa na mama yao, yaani shemeji yake, dada wa mkewe. Huyu alikuwa karani wa chama cha akiba walikoweka fedha wote. Kila aliyelipa kwa simu, jina lake na la aliyelipwa yalipita mbele ya macho yake. Ukinunua dawa ya kuhara asubuhi, adhuhuri watu wanakupa pole. Na noti? Mwalimu alishaibiwa mara mbili, hakutaka kuona noti mlangoni pake.

Bahati nzuri wanachama walikuwa wamechoka kutembezwa midomoni. Katika mkutano mkuu walipiga kelele hadi chama kikaleta kitu kipya kwenye simu, watu wakakiita pesa ya bahasha. Mzee Chuma hakukielewa. Akamwendea fundi simu, msichana mwenye kibanda kilichopakana na karakana yake.

"Binti, nieleze kama unaieleza nyundo."

Fundi simu akacheka. Akachukua kipande cha karatasi, akakigeuza nyuma na kuandika namba ndefu. "Hii ni sarafu yako, Mzee. Namba imebuniwa na simu yako yenyewe, chama hakiijui." Akaitia kwenye bahasha pamoja na karatasi ya kaboni, akaifunga. "Unaipeleka chama ikiwa imefungwa. Wao wanakata elfu moja kwenye akiba yako, wanagonga muhuri wa elfu moja juu ya bahasha bila kuifungua. Kila kiasi kina muhuri wake."

Akagonga kwa muhuri wa kibanda chake, puu. Kisha akaichana bahasha. Muhuri ulikuwa umepenya kaboni, umetulia juu ya karatasi ya ndani.

"Umeona? Sasa una sarafu yenye muhuri halali, lakini aliyeugonga hajawahi kuona namba. Ukimlipa mtu, yeye anaipeleka chama. Chama kinatazama mambo mawili tu, kama muhuri ni wake, na kama namba hiyo haijawahi kutumika. Ikiwa sawa, aliyelipwa anapata chake, na mapato yake yanaonekana kwa ajili ya kodi. Ila bahasha ilikuwa ya nani, hata wakeshe hawajui."

"Na nikiinakili sarafu, nikalipa mara mbili?"

"Mzee, umeanza lini wizi? Namba ikishatumika imeandikwa. Ya pili inakataliwa hapohapo. Na simu ikikupotea bila nakala ya akiba, sarafu zimekwenda nayo, kama noti."

Tangu siku ile simu ililala ndani ya glavu ya kuchomelea, na glavu ndani ya sanduku la vifaa.

Jumanne saa kumi alifika kwa mwalimu. Ada ilikuwa elfu saba na mia tatu. Mzee Chuma, mtu wa vipimo, akasimama mlangoni, akatoa kwa simu, kutoka chama, sarafu za elfu saba na mia tatu kamili, si senti zaidi, akamlipa mwalimu hapohapo. Akaingia ndani kuimba. Paka wa mwalimu alitokea dirishani, akarudi Alhamisi.

Jioni shemeji akatua karakanani.

"Shemeji, hujambo. Siku hizi tunapiga kinanda?"

"Kinanda gani?"

"Saa kumi na dakika tano umetoa elfu saba na mia tatu. Saa kumi na dakika saba mwalimu wa muziki kapokea elfu saba na mia tatu. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Mzee Chuma alijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake. "Nimetengeneza bawaba ya geti lake."

"Ukatengeneza, halafu ukamlipa wewe?"

"Nani kasema nimemlipa? Sarafu imekutajia jina langu?"

"Hapana," shemeji alikiri kwa uchungu. "Bubu kabisa hizo."

"Basi tufuate mfano wake."

Shemeji alipoondoka, Mzee Chuma alimkimbilia fundi simu akihema. Bahasha imevuja, alisema. Msichana alimsikiliza, akashika kichwa.

"Haijavuja. Wewe ndiye uliyeitangaza. Umeingia sokoni umefunika uso, halafu unaita wateja kwa sauti yako. Nani mwingine hapa mtaani alitoa elfu saba na mia tatu saa ileile?"

"Mimi napenda kipimo kamili."

"Kipimo kamili ni cha geti. Hapa toa fungu la watu wote, elfu hamsini kama wengine siku za mshahara. Ziache zilale. Nunua sabuni, mkate, nondo, halafu siku nyingine mlipe mwalimu. Ukijichanganya na umati ndipo umefichika."

Alifanya hivyo. Jumamosi, chama kilipofurika, akatoa elfu hamsini pamoja na nusu ya mtaa. Akaanza kununua kila kitu kwa sarafu za bahasha, hata pipi. Shemeji alimfuatilia wiki tano. Aliona mwalimu akipokea ada, lakini ya nani? Watu mia walikuwa na bahasha. Alimshuku muuza nyama, akamshuku daktari wa meno, akazusha kwamba mwalimu anamfundisha mume wa jirani. Mwishowe akampelekea bibi harusi ripoti.

"Mwanangu, baba yako ametulia. Ile ya kwanza alikuwa anatengeneza geti kweli."

"Asante, mama mdogo. Tangu uliponitajia kinanda nilikuwa silali."

Siku ya harusi, kwa kuwa hakukuwa na shaka, hakuna aliyelinda kipaza sauti. Mzee Chuma alikichukua kwa vidole viwili. Bibi harusi aliinuka nusu, akamtafuta mpiga muziki kwa macho, naye tayari alikuwa ameshika waya.

Mzee Chuma akaimba. Haikuwa sauti ya ndege, nisiwadanganye, ilikuwa ya geti lililotiwa mafuta. Lakini ilipanda pale wimbo ulipopanda, ikashuka uliposhuka, na jina la mwanawe wa mwisho alilitamka polepole kama anayebeba kioo. Mbwa hawakuhama. Mmoja aliingia ukumbini, akakaa.

Shemeji alimnong'oneza mwalimu wa muziki, aliyekuwa miongoni mwa wageni, "Alikulipa lini?"

"Kaulize chama chenu," mwalimu akasema.

Beti mbili zikaisha, Mzee Chuma akashusha kipaza sauti. Bibi harusi alikuwa amefika mbele yake, wanja ukimtiririka tena.

"Endelea, baba."

"Nimefundishwa mbili tu."

"Basi rudia wa kwanza," akasema, akaketi sakafuni na gauni lake lote, mbele ya miguu ya baba yake, kusikiliza.